Mpima wa Modruga

Kwetu Modruga mawe huota. Mgeni akisikia hivyo hucheka, lakini ashike jembe aingie shambani mwezi wa nne, baridi ikishaiachia ardhi, atayaona yamechomoza kila mahali na hakuna aliyeyapanda. Tunayaokota, tunayarundika kando, na mwaka unaofuata yako palepale. Kwa hiyo Pelagia Hołub alipokuta jiwe mwisho wa shamba lake la viazi, huko chini karibu na ziwa, hakushtuka. Kilichomkera ni kwamba ule ulikuwa mwezi wa kumi, na mawe yetu hayaoti mwezi wa kumi.

Halafu lilikuwa limesimama. Jiwe refu la kijivu, limechongwa pande nne, kichwani limechorwa msalaba uliolika kwa mvua. Udongo wa chini yake ulikuwa mbichi, unanuka tope la ziwa.

"Ulevi tu huo," alisema Marczak, mwenyekiti wa kijiji, alipoelezwa dukani. "Juzi si kulikuwa na harusi shamba la serikali? Vijana wamelewa, wakaona wakutanie. Au una mchumba unatuficha, mama Zenek? Wengine huletewa maua, wewe umeletewa jiwe."

Watu wakacheka, na Pelagia akacheka nao. "Angeniletea kuni basi, huyo mchumba. Baridi hiyo inakuja."

Alikuwa mwanamke wa watu, hilo niliseme mapema, asije mtu akadhani alijitakia. Alifika Modruga akiwa msichana, vita vimekwisha, katika behewa la ng'ombe kutoka kule mashariki ng'ambo ya mto Bug, yeye na mama yake na cherehani isiyo na miguu. Kwao kulikuwa kumepewa nchi nyingine. Na huku kwetu wenyeji walikuwa wamekimbia kwenye theluji, wameacha mapipa ya kabichi chachu hayajafunguliwa. Kijiji hiki kilibadilishwa watu kama mtu anavyobadilisha shuka. Wenyeji wachache wa zamani waliobaki nao wakaondoka mmoja mmoja kwenda Ujerumani, hata tukabaki na mmoja tu, bikizee Ida Lipka, aliyeishi nyuma ya kanisa. Nasi tulimpisha njiani, tukamsalimia, na basi.

Modruga imekaa kwenye ulimi wa nchi kavu kati ya maziwa mawili. Barabara ya mawe inapita kanisa, inapita shule iliyofungwa, inashuka, inaishia kwa Pelagia. Baada ya hapo ni viazi vyake, kisha maji. Mumewe Walenty alikuwa amekufa. Mwanawe wa pekee, Zenek, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Gdańsk, ana mke na nyumba ya chumba kimoja, na kila akija alisema, "Mama, tukipata nyumba kubwa tutakuchukua." Hiyo ndiyo kauli iliyokuwa ikimlaza Pelagia na kumwamsha. Alikuwa amekwisha chagua hata mto wa kulalia atakaokwenda nao.

Jioni ya siku ileile ya jiwe, ukungu ulipanda kutoka ziwani. Pelagia alikuwa uani anakusanya nguo akasikia mtu anahema. Ile pumzi ya mtu aliyebeba mzigo mzito, anauhamisha bega hili kwenda lile. Akageuka. Kando ya shamba alisimama mwanamume mrefu, koti lake refu limelowa mpaka linachuruzika, na kifuani amelikumbatia jiwe.

"Tumsifu Yesu Kristo," Pelagia akasema.

Kwetu salamu hiyo haiachwi hewani. Hata mlevi aliyelala mtaroni atajibu "Milele amina" kabla hajaendelea kulala. Yule mtu hakujibu. Alimtazama, akauliza neno, neno fupi, kwa lugha ya wenyeji wa zamani. Pelagia hakuijua. Alichokijua ni sauti ya mtu anayeuliza kwa adabu, na aliyechoka.

Sasa, watu wa ng'ambo ya Bug wana desturi yao. Mtu akifika langoni kwako na mzigo, humwulizi jina wala atokako. Unamwambia kwanza atue. Pelagia alifundishwa hivyo na mama yake, na mama yake na mama yake, mgeni njoo mwenyeji apone, na mdomo ukatangulia kabla akili haijafika.

"Weka tu hapo, baba," akamwambia, akionyesha kwa mkono chini ya mtofaa. "Weka upumzike."

Mtu yule akainamisha kichwa kwa shukrani. Ukungu ukapita kati yao, na ulipokwisha kupita hakuwapo.

Asubuhi jiwe lilikuwa chini ya mtofaa. Kule mwisho wa shamba palibaki shimo limejaa maji.

Pelagia akalizunguka, akalipiga teke, akaumia kidole, akatukana. Kisha akamwita mbwa wake Misiek, aliyekuwa akichimbachimba huko kwenye viazi, ng'ambo ya jiwe. Misiek aliinua kichwa. Akamtazama bibi yake aliyemlea kwa kumnyonyesha maziwa kidoleni tangu hajafumbua macho, manyoya yakamsimama mgongoni, akaanza kumbwekea kwa ukali wa kumbwekea mwizi.

"We! Misiek! Umerogwa? Mimi huyu!"

Mbwa alirudi nyuma akibweka, akageuka, akakimbia kuelekea kijijini. Hakurudi tena kwake. Baadaye tulimwona kwa Marczak, anakula kama aliyezaliwa hapo, na Marczak akasema ni mbwa asiye na mwenyewe.

Yule mtu alirudi jioni nyingine ya ukungu. Safari hii alisimama kwenye mtofaa, na ile harufu ya tope ilitangulia kufika. Akauliza neno lake lilelile. Pelagia sasa alikuwa na woga, lakini woga wake ulikuwa wa kumwudhi mtu asiyemjua. "Weka, baba, weka," akasema haraka, aondokewe. "Popote. Hapo kisimani." Akaingia ndani akafunga kwa komeo.

Kulipokucha jiwe lilikuwa upande wa huku wa kisima, karibu na mlango kuliko kisima chenyewe. Alipoteka maji, ndoo ilipanda tupu. Akateremsha tena, akasikia kabisa maji yakipigwa na ndoo, akavuta, uzito upo, na ndoo ikafika juu kavu. Siku hiyo tarishi alipita kwa baiskeli. Pelagia alitoka barabarani akampungia mkono, maana alikuwa akisubiri neno la Zenek kuhusu sikukuu ya Watakatifu Wote. Tarishi alifika mwisho wa barabara, akasimama, akajikuna kisogo kama mtu aliyesahau kilichomleta, akageuza baiskeli mbele ya miguu ya Pelagia.

"Franek! Franek, mbona unanipita?"

Franek alikuwa akipiga mluzi. Hakuukatiza.

Hapo ndipo kijasho chembamba kilipomtoka Pelagia. Alijifunga kitambaa akapanda kijijini karibu anakimbia, akamsalimia mke wa Marczak, hakujibiwa, akawasalimia wanawake waliokuwa wakishusha mitungi ya maziwa, hakujibiwa, akaingia dukani akaomba chumvi na mwenye duka akaendelea kuifuta mizani huku akiimba, na yeye Pelagia akasimama pale mbele yake, mikono juu ya meza, akiomba chumvi, akiomba chumvi, mpaka sauti yake mwenyewe ikaanza kumtisha.

Alipotoka, mtu mmoja tu alimwona. Ida Lipka alikuwa mlangoni kwake anakung'uta zulia, akasema, "Una nini wewe, umekuwa mweupe kama jibini?"

Pelagia akaangua kilio palepale barabarani.

Ida akamwingiza ndani, akamkalisha. Nyumba ilikuwa imefungwafungwa: masanduku, makapu, kuta zina alama za picha zilizotolewa. Watoto wake walikuwa wamemfanyia mpango huko Ujerumani, na kesho yake ndiyo alikuwa anaondoka. Pelagia alimsimulia yote kwa kunong'ona, jiwe, mbwa, kisima, yule mtu na swali lake. Ida alisikiliza akitikisa kichwa polepole. Lakini lilipofika lile jambo la mtofaa, alimshika mkono.

"Ngoja. Ulimwambia aweke?"

"Si alikuwa na mzigo, bibi."

"Yesu wangu! Ulimwambia aweke?"

"Kwetu mtu mwenye mzigo..."

"Kwenu, kwenu!" Ida akashusha sauti, akachungulia dirishani. "Huyo ni Mpima, mwanangu. Alikuwa mpima ardhi wa bwana mkubwa, enzi za babu wa babu yangu. Alilihamisha jiwe la mpaka usiku mmoja, akawanyima watu wa Modruga malisho ya ziwani, na watu wakala magome ya miti majira yale. Alipokufa ardhi haikumpokea. Anatembea na jiwe lake, anauliza, 'Niliweke wapi?' Basi. Hana lingine la kusema. Na jibu ni moja tu, kila mtoto wa hapa alilijua kabla ya kujua Baba Yetu. Unamwambia, 'Lirudishe ulikolitoa.' Akisikia hivyo anageuka na kwenda zake, miaka na miaka humwoni."

"Na asipojibiwa hivyo?"

"Ukimwonyesha mahali, hapo ndipo mpaka wako unapoishia, pande zote. Kilichobaki ng'ambo ya jiwe si chako tena, wala hakikujui. Mbwa, maji, majirani. Damu yako itakukumbuka, lakini haitakuona. Mimi nakuona kwa sababu mimi ni wa zamani, jiwe hilo halinihusu."

Pelagia akajikuta ana hasira kuliko woga. "Miaka yote hii, Bibi Ida! Miaka yote tunaishi hapa, kwa nini hamkutuambia?"

"Mlituuliza lini?" Ida hakupandisha sauti. "Mlipokuja mlituuliza ghala liko wapi, kisima kina maji, na nani ana farasi. Hakuna aliyetuuliza tunaogopa nini."

Nje mtu alipita akimwita kuku.

"Sasa mjibu wewe," Pelagia akasihi. "Njoo kwangu jioni, ulale kwangu, akija umjibu."

"Haiwezekani. Aliyemkaribisha ndiye amfukuze. Lakini si vigumu, ni maneno matatu tu. Nitakufundisha kwa lugha yake, maana ya kwenu haisikii." Akamfundisha, akamtaka arudie, akamsahihisha, mwalimu na mwanafunzi wa chekechea, mpaka Pelagia akayasema bila kukwama. "Na nisikilize vizuri. Ukiwa nje, langoni, hata kizingitini, maneno yatafanya kazi. Akishavuka kizingiti na jiwe lake, basi. Mtu aliyeingia ndani si mgeni tena, ni mwenyeji. Hapo hata ungesoma misa nzima."

Kesho yake Marczak alimpeleka Ida stesheni kwa mkokoteni wa farasi. Tulisimama kando ya barabara kumuaga. Ida aliketi juu ya masanduku, amevaa kofia, hatazami kushoto wala kulia, mpaka walipofika kwenye miti ya mwisho. Hapo akageuka, akapunga mkono kwa muda mrefu.

"Unampungia nani, bibi?" Marczak akamwuliza, maana sisi sote tulikuwa tumekwisha geuka kurudi.

Ida alijifuta pua. "Twende," akasema.

Kesho yake tena ilikuwa Watakatifu Wote. Siku hiyo Modruga hujaa. Walioko Gdańsk, walioko Warszawa, wote hurudi makaburini na mishumaa na maua, na giza linapoingia kilima chote huwaka. Pelagia alikuwa ameamka mapema. Alipika kabichi na uyoga aliouokota mwenyewe, kwa maji ya mvua aliyokinga kwenye beseni, akatandika kitanda cha wageni. Mpima hakuja tangu siku ya Ida, na maneno matatu Pelagia alikuwa nayo mdomoni anayarudiarudia. Leo nitamwambia, alijisemea. Leo akija nitamwambia, na Zenek atanikuta mzima na nyumba yangu.

Akapanda makaburini. Alipita katikati ya watu akisema, "Tumsifu Yesu Kristo," na kila mara akingoja ile "Milele amina," na badala yake watu waliendelea kupangusa makaburi, wakaombana kiberiti, wakasifia makoti ya wenzao, na mke wa Marczak akamkanyaga mguu bila kusimama, akapita. Alijikaza kisabuni. Akafika kwenye kaburi la Walenty, akapiga magoti, na alipoinua macho akamwona Zenek.

Alikuwa amenenepa. Amevaa kofia mpya. Mkewe Halina alikuwa ameshika mshumaa, wote wawili wamesimama upande wa pili wa kaburi, na Pelagia furaha ikamjaa mpaka akasahau kila kitu.

"Zenek! Mwanangu! Mmefika saa ngapi?"

Zenek alifunga kola yake kwa baridi. Akawasha mshumaa, akauweka. Akajifanyia ishara ya msalaba.

"Haya," Halina akasema. "Twende kwa mama yako sasa?"

"Tukienda kwa mama, treni tumeiaga."

"Zenek!"

"Nini? Nasema uongo? Tutakalishwa, tutalishwa kabichi, halafu ataanza kulia. Halafu ataniuliza wanatupa lini nyumba kubwa, aje na mto wake. Nitamjibu nini? Hebu niambie wewe nitamjibu nini."

"Akisikia tulikuja hapa tusimpitie?"

"Asikie kwa nani? Mshumaa hauna jina. Twende bwana, nitakuja mwakani, kwa utulivu."

Halina alitazama kuelekea ziwani kidogo. Kisha wakashuka kilima wameshikana mikono, kwa sababu ya utelezi.

Na hilo, jamani, halikuwa la Mpima. Hilo wangelisema hata kama jiwe lisingekuwapo, wangelisema na Pelagia angebaki nyumbani anapasha kabichi moto, anachungulia barabara, na asingejua kamwe. Jiwe lilimpa tu nafasi ya kusikia. Alibaki amepiga magoti mpaka watu wakapungua, mpaka nta ikamwagika juu ya marumaru, na hakuna aliyemwambia mama, baridi, inuka.

Giza la Novemba huingia watu hawajamaliza chai. Aliposhuka nyumbani ukungu ulikuwa umefunika kisima, umefunika mtofaa, umebakiza ukuta na mlango, na mbele ya mlango, juu ya ngazi ya kupangusia miguu, alisimama Mpima, jiwe lake kifuani.

Hapakuwa na mbali tena. Pelagia aliweza kuona vidole vyake vilivyochubuka, kucha zilizojaa udongo, maji yakidondoka kwenye kidevu. Harufu ya tope ilimjaa kooni. Lakini maneno yalikuwepo, yote matatu, yamejipanga mdomoni, ilibaki kufungua tu. Naye Mpima akamwinamia kidogo, akamtazama usoni kwa uangalifu mkubwa, na akauliza kwa ile sauti yake ya kuchoka, na safari hii Pelagia alielewa.

"Niliweke wapi?"

Akasimama akimngoja. Alimngoja kwa subira, kama kwamba duniani hakuna mwingine wa kuulizwa.

Msiniulize haya ya mwisho nimeyajuaje. Ninachowaambia ni kwamba Pelagia hakurogwa, wala hakusahau. Aliyakumbuka yale maneno vizuri. Ila alikumbuka pia kwamba akiyasema, huyu ataondoka, na baada ya hapo atapata mbwa wake, atapata salamu za dukani, na jioni zote za maisha yake ataketi mezani na sahani moja akisubiri mwakani. Alikuwa mpweke, basi. Upweke uliishinda hofu.

Akapita kando yake, akasukuma mlango.

"Futa miguu," akamwambia. "Weka kando ya jiko."

Akapakua sahani mbili. Mwenzake hakula, lakini aliketi.

Wiki za mwanzo hazikuwa mbaya, na hilo ndilo linalonisisimua mwili kuliko yote. Pelagia aliongea. Aliongea kuhusu ng'ambo ya Bug, kuhusu Walenty na ukali wake, kuhusu Zenek alipougua surua, na Mpima alisikiliza, maji yakidondoka kutoka kwenye koti lake bila kukauka hata mbele ya moto. Kuni hazikupungua, kabichi haikuisha. Madirishani palikuwa na ukungu tu, asubuhi ukungu, mchana ukungu. Na kila baada ya siku kadhaa yule mtu aliinuka, akalinyanyua jiwe lake kwa kuhema, akauliza. Mwanzoni Pelagia alimjibu kwa mzaha. Weka kwenye kabati. Weka kule kwenye kitanda cha wageni, hakina mtu. Na kila alipoonyesha, kilichobaki ng'ambo ya jiwe kilififia, kabati likawa halifunguki, kitanda kikawa kama kimechorwa ukutani, na siku moja alipoinua macho kutafuta picha ya arusi yake aliona fremu ina wageni wawili asiowajua, mwanamume na msichana, wanamkodolea macho bila urafiki, ndipo akaanza kunyamaza, na alipoulizwa akawa anatikisa kichwa tu, na Mpima, kwa kuwa hakukatazwa, akawa anajichagulia mwenyewe, kila mara karibu zaidi na kiti chake.

Zenek alikuja majira ya njegere kuchanua, hakusubiri Watakatifu Wote. Halina alikuwa amejifungua, nao walikuwa wamepewa vyumba viwili na jiko. Alishuka basi akakimbia barabara yote mpaka mwisho, na mwisho wa barabara alikuta kichaka cha maua ya zambarau, yale yanayoota kwetu penye nyumba zilizokufa, na nyuma yake viazi vya mtu mwingine, na ziwa.

"Nyumba yetu iko wapi?" akamwuliza Marczak.

Marczak alimhurumia. "Hapa? Hapa hapajawahi kuwa na nyumba, kijana. Labda enzi za wale wa zamani."

Zenek alimsukuma, akaingia kichakani. Akayavunja matawi, akapapasa chini kwa mikono miwili, akalia kwa sauti, mwanamume mzima, mpaka watu walitoka majumbani.

"Mama! Mama, tumepata nyumba! Nimekuja kukuchukua! Mama, una mjukuu!"

Pelagia alisikia. Katika ukungu wote ule, sauti ile ilipenya moja kwa moja, na kila neno lilimfika. Akaruka kutoka kitini akakimbilia mlango, na mlango ulikuwa ng'ambo ya jiwe, haukuwa wake, mkono wake uliteleza juu ya komeo kama juu ya barafu. Akapiga dirisha. Akaita, "Zenek, nipo! Nipo hapa!" na nje mwanawe akaendelea kuita, karibu kabisa, unene wa ukuta tu. Ndipo Pelagia alipogeuka, akamkabili Mpima, akayatoa yale maneno matatu kwa sauti yake yote, kwa lugha ya wenyeji wa zamani, bila kukosea hata herufi.

"Lirudishe ulikolitoa! Lirudishe ulikolitoa! Lirudishe!"

Aliyasema mpaka sauti ikakauka. Aliyasema mpaka huko nje kuita kulipokoma, na basi la mwisho likasikika likipanda kilima kuelekea stesheni. Mpima alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa upole, kama mume aliyekwisha zoea kelele za mkewe, kisha akavuta kiti chake kikagusana na cha Pelagia, akaketi.